Nani Anakula Feza ya Vijana?

Kila kiangazi kikifika, wakati wa harusi nyingi katika parokia zetu, tunasikia lawama ile ile. Wazee wanasema: vijana wa leo hawajui kuweka akiba, wakipata franka wanainywa, madeni yao hayaishi, kesho hawaiogopi. Maneno hayo yanasemwa mbele ya mlango wa kanisa baada ya Misa, yanasemwa katika mikutano ya shirika, na pengine hata mhubiri anayaokota na kuyapandisha altareni. Vijana wanainamisha kichwa. Mimi naona lawama hii haikugawanywa kwa haki, na leo nataka kuigawanya upya.

Sikatai kwamba wako vijana wapotevu. Kijana anayemaliza mshahara kwa siku tatu, na siku ya nne anaomba chumvi kwa jirani, yupo. Kila mtaa unamjua wake. Yupo na yule anayetupa feza katika michezo ya bahati, akingoja utajiri uanguke toka mbinguni. Hao nawaachia wazazi wao. Mimi nataka kusema juu ya kijana mwingine, ambaye hatumsemi. Huyu anafanya kazi. Ni mwalimu wa shule ya msingi, au fundi wa pikipiki, au muuguzi, au anauza vikwembe sokoni. Ana miaka 25 au 27. Anapenda msichana, naye msichana anampenda, na wote wawili wamebatizwa. Wanataka ndoa ya sakramenti. Hapo ndipo taabu inapoanza, tena haianzii kwao.

Inaanzia katika orodha. Nani anaandika orodha? Si bibi harusi. Baba mdogo anaandika, mjomba anaongeza, shangazi anakumbusha kilichosahauliwa. Mbuzi au ng'ombe, suti ya baba, kikwembe cha mama, blanketi la nyanya, jembe, bia, bahasha ya kufungua mlango, na bahasha nyingine ya kufungua kinywa. (Mniwie radhi, lakini kinywa ambacho kinafunguliwa kwa feza mara tatu katika asubuhi moja, ni nani aliyekifunga?) Mahari ikiisha kupokelewa, inakuja komite ya harusi. Ukumbi. Magari yaliyopambwa. Sare za vikwembe. Keki ya ghorofa. Mpiga picha, wapiga muziki, na chakula cha watu 300, ambao nusu yao bwana harusi hajapata kuwaona. Michango inaahidiwa kwa makofi na kuandikwa katika daftari. Siku yenyewe ikifika, waahidi wengi wanaleta tumbo tu. Pengo linazibwa na nani? Na kijana. Naye analiziba kwa mkopo.

Si mkopo wa benki, kwa maana benki inataka dhamana asiyokuwa nayo. Anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, ambaye biashara yake inaitwa na watu wengi katika Kongo «banki lamberi», ingawa haina ofisi wala bango. Faida yake ni 30 kwa mia, mara nyingine 50 kwa mia, si kwa mwaka, ni kwa mwezi.

Tufanye hesabu pamoja, polepole, kwa sababu hesabu hii haifanywi katika vikao vya komite. Tuseme kijana amekopa dola 300 kwa faida ya 30 kwa mia. Kila mwezi faida ni dola 90. Ikiwa mshahara wake ni dola 150, anabaki na dola 60 za kodi ya nyumba, unga, makaa, sabuni na dawa. Deni lenyewe hawezi kuligusa. Analipa faida tu. Baada ya miezi 10 amekwisha kulipa dola 900, na deni linabaki dola 300, zima kama siku ya kwanza. Mtoto anazaliwa, naye baba yake bado analipa bia waliyokunywa watu waliokwisha kusahau jina la mkewe. Tena wako wakopeshaji wanaoshika kadi ya benki ya mwalimu au ya karani kuwa rehani: mshahara ukifika, wao ndio wa kwanza kuupokea. Wengine kati yao wanakaa viti vya mbele kanisani, na sadaka yao ni nono.

Basi, mkimwona kijana huyo hana akiba hata ya kununulia paa la nyumba, mtasema tena kwamba amependa starehe? Starehe ipi?

Na huyo ni yule aliyethubutu. Mwenzake alitazama orodha, akatazama mfuko wake, akamchukua msichana bila harusi. Sasa wana watoto watatu. Jumapili wanakuja Misa, saa ya Komunyo wanabaki kwenye benchi. Sisi tunawahubiria dhambi yao, nayo orodha haihubiriwi na mtu. Hata hivyo Eklezia haidai ukumbi wala keki. Ndoa inafungwa kwa kukubaliana kwa bwana na bibi mbele ya padri au shemasi na mashahidi wawili. Nayo sheria ya nchi, ile Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, inataka mahari iwepo, lakini inasema wazi kwamba ndoa inaweza kufungwa ikiwa imetolewa walau sehemu yake. Walau sehemu! Ni wangapi kati ya wajomba wetu waliopata kulitamka neno hilo siku ya kupokea?

Nawasikia wazee wakijibu: mahari ni mapokeo ya mababu, usiyatukane. Siyatukani. Mahari ni agano kati ya jamaa mbili, na mimi sitaki lifutwe. Lakini tuyakumbuke mapokeo hayo mazima. Zamani, kijana akitaka kuoa, nani alitoa mbuzi? Baba alitoa, mjomba alitoa, ndugu wakubwa walitoa, na mahari iliyopokelewa kwa dada ilimsaidia kaka. Jamaa ilipokea, na jamaa ililipa. Siku hizi mapokeo yamekatwa katikati. Upande wa kupokea umebaki na nguvu zake zote, hata umenenepa. Upande wa kutoa tumeuacha juu ya mabega ya kijana mmoja. Anayetaja mababu, awataje pia siku ya kufungua mfuko.

Sasa niseme juu ya akiba, kwa maana hapo vijana wenyewe wana neno, na neno lao lina uzito. Wanasema: akiba ya baba zetu iko wapi? Nani atawajibu? Desemba 1979 serikali ya Zaire ilizifuta noti za zaire 5 na za zaire 10, watu wakapewa siku chache tu za kuzibadili, na wengi wa vijijini wakabaki na karatasi mkononi. Mwaka 1991, mjini Kinshasa, nyumba za kuzalisha feza kama ile ya Bindo, zilizoahidi kurudisha feza mara nyingi zaidi, zilianguka pamoja na feza za watu. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za kale ziligeuka zaire mpya moja. Na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 ziligeuka franka moja. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Goma na kisha Bukavu, benki zilifunga milango, na watu wenye akiba ndani walikopa unga. Mtu akiyaona hayo yote akasema «afadhali nile leo», mimi simwiti mpumbavu.

Lakini tazama vizuri. Mambo hayo yanatufundisha kutokuweka mayai yote katika kikapu kimoja, tena kikapu cha mtu wa mbali. Hayatufundishi kuwa watumwa wa mkopeshaji. Tena akiba za akina mama zetu wengi hazikufa katika miaka ile. Kwa nini? Kwa sababu hazikulala. Katika likelemba feza inazunguka: leo inakwenda kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, inageuka mabati, cherehani, mbuzi, karo ya shule. Na siku hizi kuna vikundi vya sanduku. Mtindo wake ulianzia Maradi, nchi ya Niger, kati ya wanawake wa vijijini, mwaka 1991, nao umefika hata Kivu. Kila juma wanachama wanakutana na kuweka fungu mbele ya macho ya wote. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu. Anayekopa analipa faida, nayo faida inarudi kwa wanachama wenyewe mwisho wa mwaka, siku ya kugawana. Mkopeshaji wa mtaani haoni hata franka moja ya hiyo faida. Ndiyo maana hapendi vikundi.

Nao Wakatoliki hawakuanza jana kupigana na riba. Katika Italia, mjini Perugia, Wafransisko walifungua mwaka 1462 nyumba ya kuwakopesha maskini juu ya rehani, ili kuwaokoa na wakopeshaji. Katika Kanada, mwaka 1897, Mkatoliki mmoja, Alphonse Desjardins, aliyekuwa mwandishi wa maneno yanayosemwa bungeni, alisikia habari ya mtu wa Montréal aliyekopa dola 150 na kulipishwa faida ya dola 5,000. Desjardins hakuridhika kusikitika. Tarehe 6 Desemba 1900, katika mji wake wa Lévis, alianzisha pamoja na majirani sanduku la akiba na mikopo, na yeye na mkewe Dorimène waliendesha kazi nyumbani mwao. Siku ya kwanza ya kupokea feza, Januari 1901, mtu wa kwanza alileta senti 10. Jumla ya siku ile ilikuwa dola 26 na senti 40. Toka hapo masanduku yakaenea parokia kwa parokia, mapadri wengi wakisaidia. Senti 10! Katika parokia zetu tunachanga feza nyingi kupita hizo kwa keki moja.

Sasa nageukia upande wa pili, wale wanaotaka kijana asifurahi kabisa mpaka amalize kulipa. Kwao, kijana mwenye deni akila mishikaki na marafiki Jumamosi jioni, amefanya kosa. Akimnunulia mchumba wake kikwembe, ni mpotevu. Siwezi kukubali. Yezu mwenyewe alikwenda harusini Kana, na divai ilipokwisha hakuwahutubia watu juu ya matumizi. Kijana aliyenyimwa kila furaha anakatika kama kamba iliyovutwa mno: miezi mitano anajinyima, na mwezi wa sita anakunywa yote kwa usiku mmoja. Furaha haina hatia hapa. Mishikaki iliyolipwa kwa feza ya mkononi haijamfukuza mtu nyumbani mwake. Kinachoua ni kufurahisha watu kwa feza ya mkopo, ili wakuone mkubwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana ni huu, na wanaonipinga wanipinge. Deni la mkopeshaji litangulie mbele ya yote, maana linakula usiku na mchana. La rafiki asiyedai faida linaweza kungoja, ila umwambie lini. Lakini usisubiri deni liishe ndipo uanze kuweka akiba. Weka kidogo kila juma hata sasa, kama ni franka 2,000, weka. Kwa nini? Kwa sababu mtoto akishikwa na homa na huna kitu, utarudi kwa mkopeshaji yule yule, na kazi yote ya miezi itabomoka kwa usiku mmoja. Halafu tenga fungu la furaha, dogo, la wazi, mke wako akilijua. Fungu hilo likiisha, limeisha.

Lakini kijana peke yake hawezi kutoka katika mtego ambao sisi tumeutega. Shirika lenye jamaa 40 linaweza kuwa na sanduku. Limkopeshe kijana dola 300 kwa faida ya 2 kwa mia kwa mwezi, akamalize deni la mkopeshaji siku moja. Atalipa dola 25 kila mwezi pamoja na faida ya deni lililobaki. Katika miezi 12 amemaliza, na yote aliyolipa ni dola 339. Zilinganisheni na zile 900 ambazo hazikupunguza kitu. Na mapadri wetu watangaze Misa moja ya ndoa kwa bwana na bibi sita au kumi kwa pamoja, na karamu moja katika uwanja wa parokia, kila jamaa ikileta sufuria yake. Sare ya vikwembe haitakuwako. Keki, anayeitaka aipike.

Ile bahasha ya kufungua kinywa itiwe ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na ufunguo mmoja ashike mjomba.