Rosemary Brown: Mhamiaji aliyeshinda kura nne na kukosa uwaziri

MNAMO Agosti 30, 1972, wapigakura wa eneo la Vancouver-Burrard nchini Kanada walimchagua mwanamke mweusi aliyezaliwa Jamaika kuwawakilisha katika Bunge la Mkoa wa British Columbia. Rosemary Brown akawa mwanamke wa kwanza mweusi kuingia katika bunge lolote la mkoa nchini humo. Alikaa bungeni miaka 14, akashinda chaguzi nne mfululizo, na alipoondoka mnamo 1986 hakuwa amewahi kuteuliwa waziri.

Tangu afariki mnamo Aprili 2003, sifa zake zimeimbwa na wengi. Mwaka wa 2009 sura yake iliwekwa kwenye stempu ya posta ya Kanada. Hata hivyo, sifa hizo mara nyingi hufunika swali gumu zaidi: mhamiaji anapokubaliwa na wapigakura, je, chama chake nacho huwa kimemkubali?

Ni vyema kufahamu kwanza uzito wa kiti alichopata. Mikoa ya Kanada haifanani na mikoa ya Kenya ya awali, iliyosimamiwa na wakuu walioteuliwa na Rais, na ambayo nafasi yake ilichukuliwa na kaunti 47 chini ya Katiba ya 2010. Kila mmoja wa mikoa 10 ya Kanada una bunge lake, waziri mkuu wake na baraza lake la mawaziri. Shule, hospitali, ustawi wa jamii na sehemu kubwa ya sheria za kazi ziko mikononi mwa serikali ya mkoa. Anayekaa katika baraza hilo huamua mengi kuhusu maisha ya mwananchi wa kawaida.

Brown alizaliwa jijini Kingston mnamo Juni 1930. Alifika Kanada mwaka wa 1951 kusoma katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Katika bweni la wasichana hapakupatikana mwanafunzi mzungu wa kukaa naye chumba kimoja, hivyo akapewa chumba cha peke yake. Alipotafuta nyumba ya kukodi na kazi za muda, majibu yalikuwa ya adabu lakini yenye maana moja: nafasi imeshachukuliwa.

Hali haikubadilika alipoolewa mnamo 1955 na Bill Brown, Mmarekani mweusi, wakaenda kuishi Vancouver ambako mumewe alisomea udaktari. Ubaguzi wa Kanada haukuhitaji mabango ya kutenga weusi na weupe. Mwenye nyumba alifunga mlango tu, na hapakuwa na sheria yenye meno ya kumzuia. Wanandoa hao wakajiunga na chama cha kutetea haki za watu weusi katika mkoa huo, kilichoishinikiza serikali itunge sheria dhidi ya ubaguzi katika makazi na ajira. Somo alilojifunza hapo ndilo lililomwongoza baadaye: kwamba malalamishi ya mtu mmoja husikizwa yanapogeuzwa kuwa dai la sheria.

Brown alisomea kazi za ustawi wa jamii katika Chuo Kikuu cha British Columbia, kisha akawa mshauri wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser. Wakati huo Kanada ilikuwa ikijadili ripoti ya Tume ya Kifalme kuhusu Hali ya Wanawake, iliyoundwa mnamo 1967 na kutoa mapendekezo yake mnamo 1970. Wanawake wa Vancouver walioona kwamba ripoti hiyo ingeachwa ilale kabatini wakaanzisha baraza la kudai itekelezwe. Brown akawa mtetezi wake wa malalamishi. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza wanawake walionyimwa kazi, waliolipwa chini ya wanaume, au waliotoka katika ndoa mikono mitupu.

Huo ndio uliokuwa mtaji wake wa kisiasa, na hapa ndipo historia yake inapotofautiana na siasa ambazo msomaji wa Kenya amezizoea. Nchini Kenya, hesabu ya kwanza ya mwaniaji ni idadi ya watu wa jamii yake. Brown hakuwa na hesabu ya kupiga. Weusi wa British Columbia walikuwa wachache mno, na mtaa wa Vancouver uliojulikana kama Hogan's Alley, kitovu cha jamii yao, ulikuwa umebomolewa kupisha ujenzi wa barabara za juu kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waliompigia kura hawakuwa ndugu zake kwa damu wala kwa rangi. Walikuwa watu waliomjua kwa kazi aliyoifanya, na wafuasi wa chama cha New Democratic Party (NDP) kilichompa tiketi.

Uchaguzi huo wa 1972 ulikiondoa madarakani chama cha Social Credit kilichokuwa kimetawala kwa miaka 20. Dave Barrett wa NDP akawa waziri mkuu wa mkoa. Pamoja na Brown aliingia bungeni Emery Barnes, mzaliwa wa Marekani aliyewahi kuwa mchezaji wa kandanda ya Kimarekani. Hao wawili walikuwa wabunge wa kwanza weusi katika mkoa huo.

Wengi waliamini kwamba Brown, kwa elimu yake, ufasaha wake na umaarufu wake, angekuwa miongoni mwa mawaziri. Barrett hakumteua. Itakuwa rahisi kusema kwamba alinyimwa kwa sababu ya jinsia, lakini ukweli haukubali jibu hilo jepesi. Barrett alikuwa na mawaziri wanawake. Eileen Dailly, kwa mfano, alishika wizara ya elimu. Rangi nayo haiwezi kupuuzwa, lakini kuna jambo la tatu. Brown aliingia bungeni akiwa na deni kwa harakati za wanawake, na alililipa hadharani, hata pale ambapo kufanya hivyo kulimkera kiongozi wake. Alidai iundwe wizara maalumu ya masuala ya wanawake. Barrett alikataa, na Brown hakunyamaza.

Hiyo ndiyo gharama ya mtaji wa aina yake. Mwanasiasa anayeletwa na jamii kubwa anaweza kukisumbua chama chake na bado akabembelezwa, kwa kuwa akiondoka ataondoka na kura. Anayeletwa na hoja hana kitisho hicho. Kinachomfanya apendwe na wapigakura ndicho kinachomfanya aonekane msumbufu ndani ya chama.

Hata hivyo, hakukaa bure kwenye viti vya nyuma. Alisukuma kuundwa kwa kamati ya kuondoa dhana za kuwadunisha wanawake katika vitabu vya shule na mitaala. Serikali ya Barrett pia ilipitisha Sheria ya Haki za Binadamu ya 1973, iliyokuwa miongoni mwa sheria kali zaidi za aina hiyo nchini Kanada. Kwa mama aliyefungiwa mlango wa nyumba ya kukodi miaka ya 1950, hayo hayakuwa mambo madogo.

Mnamo Julai 1975 Brown alichukua hatua iliyowashangaza wakuu wa chama. Alijitosa katika kinyang'anyiro cha uongozi wa NDP wa kitaifa, akiwa mwanamke wa kwanza mweusi kuwania uongozi wa chama cha kitaifa nchini Kanada. Katika kongamano lililofanyika Winnipeg, wapinzani waliondolewa mmoja baada ya mwingine hadi wakabaki wawili katika duru ya nne. Ed Broadbent alishinda kwa kura 948 dhidi ya 658 za Brown. Mbunge ambaye serikali ya mkoa wake haikumwona anafaa kuwa waziri alikuwa ameungwa mkono na wajumbe wanne kati ya kila kumi kukiongoza chama nchini kote.

Miezi mitano baadaye, Desemba 1975, NDP ilishindwa katika uchaguzi wa British Columbia. Brown alihifadhi kiti chake, lakini kuanzia hapo hadi mwisho alikuwa mbunge wa upinzani. Kisha ikaja tume ya mipaka ya mwaka wa 1978, na eneo lake la Vancouver-Burrard likafutwa kwenye ramani. Tume hiyo hiyo ilizusha kashfa kwa kuliongezea eneo la waziri mmoja wa chama tawala kipande chembamba cha mtaa kilichofanana na kidole. Brown alilazimika kuhama. Aliwania Burnaby-Edmonds mnamo 1979, akashinda, na akashinda tena mnamo 1983.

Mwaka huo wa 1983 ulimletea pigo jingine. Kwa jina la kubana matumizi, serikali ya Social Credit ilileta miswada 26 kwa mpigo, na mmoja wao ukaivunja Tume ya Haki za Binadamu ya mkoa. Sheria iliyotungwa miaka kumi awali ikafutwa na nyingine dhaifu ikaja. Brown alipinga akiwa upinzani, mahali ambapo sauti husikika lakini kura hazitoshi.

Alipostaafu siasa za mkoa, alifundisha chuoni, akaongoza shirika la MATCH International lililosaidia wanawake wa nchi zinazoendelea, na kuanzia 1993 hadi 1996 akawa kamishna mkuu wa Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario. Mamlaka ya kutekeleza aliyonyimwa nyumbani aliyapata katika mkoa mwingine.

Dai lake kuu nalo lilitimia baada yake. Mnamo 1991 NDP ilirejea mamlakani British Columbia na kuunda Wizara ya Usawa wa Wanawake. Wizara hiyo ilidumu miaka kumi tu; serikali iliyoingia mwaka wa 2001 iliivunja na kuyaunganisha majukumu yake na mengine. Wenye kusherehekea mafanikio ya Brown hawana budi kukumbuka kwamba kilichojengwa na serikali moja kinaweza kubomolewa na ijayo.

Mwaka aliochaguliwa Brown ndio mwaka ambao Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na Kanada ikawapokea maelfu. Tangu wakati huo wanawake waliozaliwa Afrika Mashariki wameingia katika siasa za nchi hiyo. Mobina Jaffer, mzaliwa wa Uganda, aliteuliwa mnamo 2001 kuwa seneta kutoka British Columbia, akahudumu hadi 2024. Yasmin Ratansi, mzaliwa wa Tanganyika, alichaguliwa katika bunge la kitaifa mnamo 2004. Njia waliyoipita ilikuwa tayari na nyayo.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wa British Columbia walipona kwa mengi kutokana na mgeni huyu: watoto wao walipata vitabu bora zaidi, na wanawake wao wakapata mtu wa kuwasemea. Wapigakura waliliona hilo mara nne. Chama chake kilimpa tiketi kila alipoihitaji, lakini kilipotawala hakikumpa wizara. Vyama vinavyojivunia idadi ya wanawake na wahamiaji kwenye orodha zao za wagombeaji, iwe Vancouver au kwingineko, vinafaa kupimwa kwa orodha ya pili, ile inayotangazwa baada ya kura kuhesabiwa.