Mashine Ikinguruma, Tuulize Kwanza: Nani Ana Simu?

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuweka simu karibu na redio. Kabla simu haijaita, redio inaanza: ti-ti-ti, ti-ti-ti, trrrr. Hakuna aliyeigusa redio, wala redio si mbovu. Simu inapowasiliana na mnara hutoa mawimbi, na nyaya za ndani ya redio huyadaka na kuyageuza kuwa sauti. Vitochi vyetu, vinapotumia mtandao wa 2G, hutoa mawimbi hayo kwa vipande vipande, zaidi ya mara 200 kwa sekunde. Ndiyo maana tunasikia mngurumo.

Kwenye redio hilo ni jambo la kucheka. Zahanati si hivyo.

Siku moja nilimsindikiza mama mjamzito wa bloku yetu kwenda kliniki. Mkunga aliweka kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto, tukasikia mapigo vizuri. Ghafla ukaja mngurumo, na namba zikaanza kurukaruka. Mama akafumba macho. Alidhani mtoto wake anakufa. Mkunga hakubabaika, aliuliza tu: "Nani ana simu?" Ilikuwa simu yangu mimi, mhudumu wa afya, ndani ya mkoba niliouweka kitandani. Nilipoitoa nje, mngurumo ukaisha. Mkunga akahakikisha kwa fetoskopu, kile chombo chenye umbo la tarumbeta kisichotumia umeme. Akahesabu mapigo, yakawa kati ya 110 na 160 kwa dakika, kama inavyotakiwa.

Mtoto alikuwa mzima. Lakini maneno yalifika kwenye bloku kabla yetu: mashine ya zahanati inaharibu mimba. Wiki iliyofuata, akina mama wawili walikataa kwenda kliniki.

Ndiyo sababu nasema kibao cha "Zima simu" hakitoshi. Mtu anayetii bila kuelewa ataficha simu mfukoni, na siku mashine ikinguruma atamlaumu mkunga au atasema ni uchawi. Tuelezwe sababu. Mngurumo ule ni kelele ndani ya kifaa. Si sauti ya mtoto, na hauna maana kwamba mtoto ana shida. Hatari yake ni kumfanya mkunga asome namba isiyo ya kweli.

Jambo la pili ni umbali. Vifaa vya hospitali hutengenezwa kuvumilia mawimbi kwa kiasi fulani. Kanuni ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2014 inataka simu ikae angalau sentimita 30 kutoka kwenye kifaa. Kwa kifaa cha zamani, afadhali mita moja au mbili. Kumbuka pia kwamba simu yenye alama moja tu ya mtandao hutoa mawimbi kwa nguvu zaidi, kwa sababu inautafuta mnara ulio mbali.

Jambo la tatu nalisema kwa heshima. Simu ya 2G hutoa mpaka wati 2, lakini redio koo za walinzi na za wafanyakazi nyingi hufika wati 5. Si haki mkimbizi aambiwe azime simu mlangoni, halafu mwenye redio koo aongee kando ya kitanda cha mgonjwa. Sheria iwe ya wote.

Kama simu na redio zote zimeondolewa na kelele bado ipo, chanzo kinaweza kuwa inveta ya sola, chaja ya bei rahisi au balbu ya LED. Nyumbani unaweza kukitafuta mwenyewe. Chukua redio ya betri, weka AM mahali pasipo na stesheni, zunguka nayo polepole. Kelele ikizidi, umekaribia chanzo. Zima kitu kimoja kimoja, usizime vyote pamoja, maana hutajua kilichosababisha. Ukishakijua, kisogeze mbali na redio, au kizime wakati wa matangazo ya afya.

Zahanati usiguse mashine wala waya wowote. Hasa mashine ya oksijeni usiichomoe kwa kisingizio cha kujaribu, maana kuna mtu anapumua kwayo. Mwite muuguzi, mweleze ulichoona: kelele ilianza lini, na nani alikuwa na simu au redio karibu. Maelezo hayo yanamsaidia fundi sana.

Mama mjamzito, usikose kliniki kwa sababu ya mngurumo. Wewe unayemsindikiza, acha simu nje. Na mashine ikikutia hofu, uliza palepale kabla hujarudi na habari nyumbani. Kuuliza si ujinga.

Ni mimi mwenzenu,
Mhudumu wa afya wa kujitolea