Samaki asiye na macho wa Al Hoota

Kila Ijumaa na siku za sikukuu, ndugu zetu wengi wa hapa Maskati hufunga safari ya ndani, Nizwa, Bahla na Al Hamra, wengine kwenda kuwaangalia wazee na wengine kutembea tu. Wanaofika Al Hamra hupenda kuwapeleka watoto kwenye pango la Al Hoota, chini ya Jabal Shams. Watoto wakitoka humo husimulia mambo mawili: mawe yanayoning'inia juu, na samaki asiye na macho. Leo tunataka kumzungumza samaki huyo. Tunaona wakubwa humfanya kichekesho cha watoto, na kumbe habari yake inamgusa kila anayekunywa maji ya kisima au ya chemchem, awe Omani au kwetu Afrika Mashariki.

Kwa muda mrefu wataalamu walimwita kwa jina la Garra barreimiae. Jina hilo lilitolewa mwaka 1956 kwa samaki wa juu, yule mdogo wa rangi ya udongo ambaye ukitia miguu katika maji ya wadi huja kukudonoadonoa. Mwaka 1984 mtaalamu wa Uingereza, Banister, aliandika habari za samaki aliowahesabu kuwa wa aina hiyo hiyo, wanaoishi chini ya ardhi katika pango la Al Hoota. Ukoo wake haukuishia Arabuni. Garra wengine wanaishi katika mito ya Ethiopia na Kenya.

Huyu wa pangoni hazidi urefu wa kidole. Ni mweupe wa kuelekea waridi, kwa sababu ngozi yake haina rangi na damu inaonekana kwa ndani. Wengi hudhani kwamba anazaliwa kipofu, na sivyo hasa. Akiwa mchanga macho yake huonekana, madogo. Kila akikua macho yanadidimia na ngozi inayafunika. Katika kiza kitupu macho hayana kazi, tena kuyatunza ni gharama kwa kiumbe anayepata chakula kwa shida. Basi hujiongoza kwa kuhisi na kunusa.

Na chakula ni shida kweli kweli. Samaki wa juu hukwangua mwani kwenye mawe. Pangoni hakuna jua, kwa hivyo hakuna mwani. Kinacholiwa humo ni kile kinacholetwa na mafuriko ya mvua, majani na wadudu, pamoja na kinyesi cha popo. Pango lina urefu wa kiasi cha kilomita 4.5 na lina mlango wa juu na wa chini, na mvua kubwa ikinyesha mlimani maji hupita humo kwa nguvu. Mafuriko hayo huwatia ndani hata samaki wa juu. Hata hivyo watafiti waliopima vinasaba wamekuta kwamba wa pangoni ni kundi lililojitenga, lenye mchanganyiko mdogo tu na wa nje. Tukimpoteza, hatuwezi kuchota samaki wa wadi tukawamwaga pangoni tukasema tumemrudisha.

Sasa khatari iko wapi? Watu watataja watalii kwanza. Pango lilifunguliwa kwa wageni mwaka 2006, likafungwa miaka kadhaa kwa matengenezo, likafunguliwa tena mwaka 2016. Sisi hatupingi utalii. Vijana wa Al Hamra wanahitaji kazi, na anayeona kitu kwa macho yake ndiye anayekipenda. Isitoshe, sehemu wanayotembea wageni ni kiasi cha nusu kilomita tu. Taa na kelele zinahitaji mipaka, lakini tunaamini khatari kubwa iko nje ya pango, juu ya mlima na katika mabonde, kwa sababu maji ya samaki huyu yanatoka huko. Dawa ya shamba inayomwagwa juu, takataka zinazotupwa katika wadi, karo la maji machafu lisilojengwa vizuri, yote hayo safari yake huishia chini.

Ya pili ni samaki wageni. Perege wanafugwa siku hizi katika mashamba mengi ya Omani, na ufugaji huo una faida yake. Lakini perege aliyetoroka, au samaki wa pambo aliyechoshwa nyumbani akatupwa katika falaji, hana njia ya kurudishwa. Sisi watu wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuhadithiwa. Sangara alitiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Kufika miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa. Furu, ambao walikuwa na aina zipatazo 500, wakapungua vibaya na wataalamu wanakisia kwamba aina kiasi cha 200 zimetoweka. Ngege, aliyekuwa kitoweo cha wenyeji kwa karne, akakosekana ziwani na kubakia katika viziwa vya pembeni kama Kanyaboli nchini Kenya. Kweli viwanda vya minofu vilijengwa na fedha za kigeni zikaingia. Lakini wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kule mwenyeji hakupona.

Omani haina upungufu wa sheria. Ipo ya hifadhi ya maji ya mwaka 2000, ipo ya hifadhi za maumbile na wanyamapori ya mwaka 2003, na Mamlaka ya Mazingira iliundwa mwaka 2020. Tena hii ni nchi iliyojua thamani ya tone la maji kabla ya sheria kuandikwa. Falaji zake kiasi cha 3,000 bado zinatumika, na tano kati yake zimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2006. Waliochimba falaji walijua kwamba maji ya chini ni amana ya wengi.

Na kwetu Unguja je? Kisiwa chetu nacho kina mawe ya chokaa na mapango yenye maji, kama lile la Mangapwani. Sayyid Barghash alipoleta maji ya mabomba mjini aliyatoa katika chemchem za upande wa Bububu, nasi hadi leo tunategemea maji ya chini ya ardhi. Nyumba zinajengwa juu ya chemchem na mashimo ya vyoo yanachimbwa jirani na visima. Mawe ya namna hii hayachuji uchafu vya kutosha. Hupitisha. Wala hatuna samaki mweupe wa kutuonya. Onyo letu huwa ni kipindupindu.

Kwa hivyo sisi tunasema hivi. Wakuu wa hapa wawahesabu samaki wa Al Hoota kila mwaka na hesabu itangazwe kwa wananchi. Ulinzi usiishie mlangoni mwa pango, bali upande hadi mabonde yanayolilisha maji. Wazee wetu wa Maskati wanaokwenda huko na watoto wawaeleze kwamba samaki hatolewi wadi moja akatiwa nyengine, na wa nyumbani hatupwi katika falaji. Na wakubwa wa Unguja na Pemba wazitenge chemchem zetu kabla hazijamalizwa na majengo.

Samaki huyu ameishi bila ya macho kwa sababu hakuyahitaji. Sisi tunayo, na maji yanachafuka tukiyaona.