Chupa za mvinyo ghali zithibitishwe kabla ya mnada

Sheria iwalazimishe wauzaji wa mvinyo ghali kuthibitisha asili ya kila chupa kabla ya kuinadi.

Ulaghai katika biashara hii umethibitishwa mahakamani. Mwaka 2013 mahakama ya New York ilimtia hatiani Rudy Kurniawan, aliyechanganya mvinyo nyumbani kwake na kubandika lebo za mashamba maarufu ya Ufaransa. Mwaka 2008 chupa zake zilipelekwa mnadani zikidaiwa kuwa mvinyo wa Clos Saint-Denis wa mwaka 1945 kutoka shamba la Ponsot, ilhali shamba hilo lilianza kutengeneza mvinyo huo miaka ya 1980.

Chupa za mvinyo ghali mara nyingi hununuliwa, huhifadhiwa na kuuzwa tena bila kufunguliwa. Bei hupandishwa na jina na umri, na uongo hudumu miaka mingi.

Aidha, nyumba za mnada hulipwa kamisheni kulingana na bei. Anayefaidika na bei kubwa hawezi kuachwa awe mkaguzi pekee.

Wenye dhamana ya kusimamia minada wadai hati za umiliki, waruhusu ukaguzi huru na kuhakikisha mnunuzi aliyedanganywa anarudishiwa fedha zake. Wachukue hatua sasa.