Majaribio ni ya Pande Zote Mbili

"Shukuru hata una kazi." Hiyo sentensi nimeambiwa na shangazi yangu, nimeambiwa na pasta, nimeambiwa hata na kondakta ambaye hakujua nafanya kazi gani. Ukifungua mdomo tu useme kazi mpya inakumaliza, mtu anakurukia nayo. Halafu ukiingia kwa simu unakutana na wale wengine: "Linda amani yako, acha hiyo kazi leo, Mungu atafungua mlango." Mimi nataka kugombana na hao wote wawili, lakini naanza na wa kwanza kwa sababu ndio wengi, na ndio wanatuumiza zaidi.

Msimamo wangu ni huu. Mtu akiacha kazi mbaya ndani ya miezi ya kwanza hajamkosea mwajiri, hajakosea familia, na hajatukana wale wasio na kazi. Ametumia mlango ambao sheria ya nchi hii iliuweka pale makusudi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 42, inasema kipindi cha majaribio kisizidi miezi 6. Kinaweza kuongezwa hadi miezi 6 mingine, lakini ukikubali wewe. Na ndani ya muda huo, upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 7. Upande wowote! Si bosi pekee. Walioandika hiyo sheria walijua kwamba watu wawili wasiojuana wakifunga mkataba, mmoja wao anaweza kugundua mapema kwamba aliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa angalia vile tunaishi. Kampuni ikikuachisha wiki ya tatu, unaambiwa "hatujaona kama tunaendana," unarudisha kadi ya mlango, unaenda kejani. Hakuna mtu anaipigia simu hiyo kampuni kuiambia ishukuru hata ina mfanyakazi. Hakuna shangazi anauliza meneja kama alivumilia vya kutosha. Lakini wewe ukiondoka wiki hiyo hiyo ya tatu, umekuwa kizazi laini, kizazi cha kulelewa na simu. Yaani majaribio tumeyafanya mtihani wa mtu mmoja, wakati karatasi ina majina mawili.

Wazee wetu wanasema mvumilivu hula mbivu. Sawa, lakini huo mti uko wapi? Babangu alikaa kazi moja miaka 27. Alivumilia mabosi wabaya kweli kweli, ila mbele yake kulikuwa na kitu: pensheni, mkopo wa sako, ploti, kupanda cheo hata kama ni polepole. Uvumilivu wake ulikuwa unanunua kitu. Mimi nilipewa mkataba wa miezi mitatu unaofanywa upya kama wakipenda, halafu nikaambiwa nivumilie vile babangu alivumilia. Ukinidai bei ya mbivu, niweke basi chini ya mwembe.

Nitawaambia kuhusu hiyo kazi kwa sababu ndiyo ilinifunza kutofautisha stresi na stresi. Ilikuwa ya kudai madeni, mikopo ile ya programu za simu. Hedfoni masikioni, kompyuta mbele, na tageti ya simu 150 kwa siku. Wiki ya kwanza nilikuwa nimechanganyikiwa kabisa. Sikujua mfumo, sikujua niketi na nani saa ya lunchi, nilikuwa nakata simu za watu kwa kubonyeza vibaya. Kufikia wiki ya tatu hayo yote yalikuwa yameisha, nilikuwa najua wapi panauzwa chapo madondo ya bei nzuri na nilikuwa nafikisha tageti. Lakini tumbo lilikuwa linaanza kunisokota Jumapili saa kumi jioni, na kila wiki lilikuwa linaanza mapema kidogo.

Kwa nini? Kwa sababu mwenye deni asipochukua simu, tulikuwa tunapewa orodha ya namba zilizotolewa kwa simu yake. Mamake. Bosi wake wa zamani. Jirani. Tunawapigia tunawaambia fulani ni mwizi wa pesa. Na Benki Kuu ya Kenya ilishakataza hiyo tabia kwa kanuni zake za 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali: hakuna kuchukua majina kwa simu ya mteja na kuwasumbua watu wake, hakuna vitisho, hakuna matusi. Kwa hivyo mimi, mwenye wiki ya tano kazini, mshahara wa kwanza tu mfukoni, ndiye nilikuwa nawekwa mbele kufanya kitu ambacho kampuni ilijua hakifai. Nani angenisaidia kuzoea hiyo? Na ningeizoea, ningekuwa nimekuwa mtu gani?

Sasa linganisha na binamu yangu. Yeye alipata wera kwa duka la hadweya huko Kariobangi. Hadweya asubuhi ni vita. Mafundi wote wanakuja saa moja, wote wana haraka, na hakuna anayeomba kitu kwa jina lake lote. Mmoja anataka elibo ya nusu inchi, mwingine misumari ya inchi nne robo kilo, mwingine ananyoosha kidole tu kwa shelfu na kusema "hiyo." Akikosea anatukanwa hadi mababu. Wiki mbili alikuwa ananipigia usiku analia, anataka kuacha. Nilimuuliza swali moja: leo umetukanwa kwa kitu gani, na wiki iliyopita ulitukanwa kwa gani? Akafikiria. Wiki iliyopita ilikuwa mabomba, sasa mabomba anajua, ilikuwa rangi. Nikamwambia kaa. Siku hizi yeye ndiye anaandikia mafundi bei ya vifaa vya nyumba nzima, na wale wale waliokuwa wanamtukana wanamtafuta yeye kwanza.

Hapo ndipo ninaachana na wale wa "linda amani yako." Wao kila jasho wanaliita sumu. Kuwa mgeni kunauma, kutojua kunauma, kurekebishwa mbele ya watu kunauma sana, na hakuna kazi ya maana utakayoingia bila kupitia hapo. Ukiacha kila mahali wiki ya pili utakuwa mgeni wa milele. Na pia, samahani, mtu akikwambia uache kazi leo, muulize kwanza keja yake inalipwa na nani.

Kwa hivyo swali la "kazi ni ngumu ama si ngumu" halikusaidii. Uliza maumivu yanaelekea wapi. Yale ya ugeni hupungua, hata kama ni kidogo kidogo, na hubadilika sura: leo hujui hiki, kesho hujui kile. Yale ya kazi yenyewe hukaa palepale ama huongezeka kadiri unavyojua kazi. Andika kwa simu yako kila Ijumaa, mistari miwili tu, nini kilikuchoma wiki hiyo. Wiki nne zinatosha kuona mwelekeo, na unaamua ukiwa na ushahidi, hauamui na hasira ya Jumatatu.

Kuna vitu lakini havingojei wiki nne. Meneja anakushika mahali hufai kushikwa. Ama unafanya kazi siku saba kwa saba mfululizo, na sheria hiyo hiyo, kifungu cha 27, inakupa angalau siku moja ya kupumzika kila siku saba. Ama unaambiwa uweke sahihi pesa ambazo hukuzihesabu. Hapo sitaki kusikia habari ya kuvumilia.

Tuje kwa doo, maana najua wengi mmekuwa mkingoja nifike hapa. Chukua mshahara wa 25,000, ambao kwa kijana wa kwanza kazini Nairobi ni wa kawaida. NSSF inachukua asilimia 6, hiyo ni 1,500. Bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, kama 687. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 375. PAYE haikugusi. Unabaki na kama 22,400. Toa nauli ya 200 kwa siku 26, 5,200. Lunchi ya 150, hiyo ni 3,900. Keja 7,500. Mathe nyumbani 3,000. Umebaki na 2,800 hivi, na hapo bado hujala chakula cha jioni, hujaweka stima wala bando.

Sasa mtu anakwambia "weka akiba kwanza ndio uache." Akiba gani? Hata ulale njaa kila usiku uweke hizo 2,800 zote, kodi ya miezi miwili tu itakuchukua zaidi ya miezi mitano. Kufikia hapo majaribio yako yanaisha, na mtu anayelipwa kwa mwezi anadaiwa notisi ya siku 28, ama zaidi kama mkataba ulisema hivyo. Huo ndio mtego. Kazi inayokuua ndiyo inayokulipa kiasi cha kutosha kuendelea kuja kazini, hakuna ziada.

Ndiyo maana siwezi kumcheka mtu anayebaki. Kama wewe ndiye unalipa fee ya mdogo wako, baki, tafuta kingine ukiwa ndani, tuma maombi usiku, omba ruhusa siku ya mahojiano. Kama una mahali pa kulala, kwa wazazi ama kwa rafiki mtakayegawana kodi, hesabu zako ni tofauti na unaweza kutoka mapema. Mimi nilirudi kwa dada yangu Kayole, nikalala sebuleni miezi miwili, nikawa namwangalilia mtoto. Haikuwa raha. Ninachokataa ni mtu kubaki kwa sababu hana njia, halafu jamii nzima inamwambia hiyo ni tabia njema. Hapana. Huyo amekwama, na aliyekwama anasaidiwa kutoka.

Kitu kingine kinachowashika watu ni CV. "Wataona nilikaa miezi miwili tu." Wataona, ndiyo, na watauliza. Utawajibu kwa sentensi mbili zisizo na matusi: kazi haikuwa ile niliyoelezwa, nikatoa notisi, nikaondoka vizuri. Kama ulikaa chini ya wiki nne, hata usiiandike. Ukivusha wiki nne mfululizo, kifungu cha 51 kinamlazimu mwajiri akupe cheti cha huduma unapoondoka, uwe kwa majaribio ama usiwe. Cheti hicho kina jina lako, jina lake, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na kazi uliyokuwa unafanya. Halazimiki kuandika sifa zako, lakini pia hawezi kukunyima cheti kwa sababu amekasirika. Nimeona mameneja wakitisha vijana, "ukienda hupati karatasi yoyote hapa." Wanatisha kwa sababu wanajua hatujasoma.

Basi ukishaamua, usipotee tu. Kuzima simu na kutoonekana tena ndiko kunawapa nafasi ya kusema ulitoroka kazi. Soma mkataba wako uone notisi ya majaribio imeandikwa siku ngapi, maana kuna wengine huandika zaidi ya saba na wewe uliweka sahihi. Barua isizidi mistari mitano: ninaacha kazi, tarehe ya leo, siku yangu ya mwisho, naomba malipo ya siku nilizofanya na cheti cha huduma. Usieleze hisia zako pale, hiyo si posti. Itume kwa barua pepe pia, na ujitumie nakala kwa ile yako binafsi kabla hawajakufungia. Vifaa vyao rudisha, na mtu aweke sahihi kwamba amevipokea.

Mimi yangu niliipeleka Jumatatu ya wiki ya saba. Meneja aliisoma mara moja akaniambia, "Wako wengi wanaitaka hii kazi." Alikuwa anasema ukweli. Jumatatu iliyofuata, rafiki yangu wa meza ya pili aliniambia kiti changu kilikuwa na dada mpya, ametoka chuo mwaka huo, na kabla ya saa nne alikuwa ashapewa ile orodha ya mama za watu.