MGUU WA JAIPUR NA FOMU ZETU

Wenzetu wanachama, yako mazoea katika kazi za serikali ambayo twaona yafaa kusemwa waziwazi. Fomu mpya hutungwa na wakuu peke yao, kisha huletwa kwa karani aitumie. Dirisha la kupokelea watu huchorwa na mtu asiyepata kusimama upande wake wa pili. Kazi ikiharibika, hulaumiwa aliye mdogo.

Na tutazame habari ya mji wa Jaipur, nchini India. Katika hospitali ya Sawai Man Singh, Daktari P. K. Sethi aliwatibu watu waliokatwa miguu. Miguu ya bandia ya mtindo wa kizungu ilikuwa migumu, tena ilitaka kiatu. Nao wagonjwa wake wengi walikuwa watu wa kuchuchumaa, kuketi chini na kukanyaga matope ya shamba pekupeku. Daktari alijua mifupa na viungo. Ram Chandra Sharma, fundi wa kazi za mikono aliyesoma shule kidogo tu, alijua kuiga umbo kwa macho na vidole. Ujuzi wa kupika mpira katika kalibu, kama wafanyavyo watengenezao matairi, nao ukatakiwa. Mwaka 1968 mguu ukapatikana: mpira nje, mbao na sponji ndani, wenye kupinda, usiohitaji kiatu.

Twapendezwa hasa na jambo hili, kwamba hapakuwa na mwalimu mmoja. Daktari hakujua mpira wakubali nini, wala fundi hakujua kifundo chabeba nini. Kila mmoja alikuwa mwanafunzi wa mwenziwe.

Lakini heshima haikugawanywa sawa. Mwaka 1981 Zawadi ya Magsaysay, itolewayo Ufilipino, alipewa Daktari Sethi peke yake. Hatumwonei kijicho, alistahili. Twasema tu kwamba aliyeshika kalibu naye ana jina.

Wako watakaosema karani akiketi na wakuu, kazi itachelewa. Itachelewa kweli, siku chache. Fomu mbovu hutuchelewesha miaka. Basi Chama na kiombe mambo mawili: karani, tarishi na raia mwenye shida yake waitwe siku ya kuchora, si siku ya kuonyeshwa, tena majina yao yaandikwe katika jalada pamoja na ya wakubwa. Matawi yajadili, na Katibu aletewe maoni kwa maandishi.