Ukurasa wa Vijana: Dakika Tano za Nyongeza

Mpira wa miguu una wapenzi wengi nchini kwetu, na mpira wa kikapu una wachache. Walakini wachache hao wana bidii kubwa vyuoni. Mwezi huu twapenda kusema na vijana wa Mara: wa vyuo vya Musoma, wa Chuo cha Ualimu Bunda, na wa Butiama, ambako Serikali imeweka chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Na zaidi ya hao, twapenda kusema na yule anayewafundisha mchezo. Vijana humwita kocha. Sisi twapendelea kumwita mwalimu, maana jina hilo lina heshima yake katika mkoa huo, na kazi yake hasa ndiyo hiyo.

Jambo lenyewe ni hili. Timu mbili zimecheza dakika 40, na muda umekwisha zikiwa sawa. Katika kikapu hakuna sare. Sheria hutoa mapumziko ya dakika 2, kisha dakika 5 za nyongeza. Zikimalizika nao bado wako sawa, hutolewa 5 nyingine, na nyingine tena, mpaka apatikane mshindi. Je, mwalimu afanye nini katika dakika hizo?

Jibu letu ni kwamba, aghalabu, dakika hizo huwa zimekwisha amuliwa kabla hazijaanza. Huamuliwa na kile mwalimu alichokiweka akiba.

Na tutoe mfano ambao Mtanzania mwenzetu alikuwamo. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Akaenda kusoma Marekani, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya mwalimu Jim Calhoun. Usiku wa tarehe 12 Machi 2009, mjini New York, chuo chake kilikutana na Chuo Kikuu cha Syracuse, kilichofundishwa na Jim Boeheim. Dakika 40 zilikwisha wakiwa 71 kwa 71. Mwishoni kabisa mchezaji mmoja wa Syracuse alitupa mpira ukaingia, naye akapanda juu ya meza ya waandishi wa mchezo kwa furaha. Lakini waamuzi walipotazama picha waliona kuwa mpira ulitoka mkononi mwake muda ukiwa umekwisha. Bao likakataliwa.

Basi ikachezwa nyongeza ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, hata ya sita. Katika nyongeza tano za kwanza Syracuse hawakutangulia hata mara moja. Kila mara walikuwa wakifukuzia. Wachezaji 8 waliondolewa uwanjani kwa kutimiza makosa yao. Katika nyongeza ya sita Syracuse walishinda, 127 kwa 117, na usiku ulikuwa umevuka saa 7. Siku ile ile, jua lilipokuchwa, walirudi uwanjani kucheza na West Virginia. Wakaingia tena katika nyongeza, wakashinda tena. Thabeet naye hakuvunjika moyo. Mwezi wa Juni mwaka ule alichaguliwa wa pili miongoni mwa vijana wote walioingia katika ligi kubwa ya Marekani, akawa Mtanzania wa kwanza kufika huko.

Sasa tuyatazame mafunzo. La kwanza ni akiba ya watu. Mwalimu Nyerere, kama wengi wajuavyo, alipenda kucheza bao. Na mcheza bao hodari hatazami kete za mbele peke yake. Hutazama na za nyuma. Mwalimu wa kikapu ana wachezaji 12, lakini wengine huwajua watano tu, na hao huwachezesha mpaka wachoke. Ikifika dakika ya 41 mmoja ana makosa manne, naye hutolewa akifanya la tano. Mwingine ameshikwa na mkakamao wa misuli. Hapo mwalimu hugeuka kulitazama benchi kana kwamba ni wageni waliokuja kutazama. Yule kijana wa tisa au wa kumi hawezi kuwa hodari leo kama hakupewa dakika zake wiki zilizopita. Akiba haiozi, walisema wazee. Lakini huanza kuwekwa mapema.

Isitoshe, yafaa ajue kwamba makosa ya timu katika robo ya nne hayafutwi nyongeza ianzapo, huendelea kuhesabiwa. Timu iliyokwisha fanya manne, kila kosa la ulinzi litakalofuata litampa mpinzani mitupo miwili ambayo hakuna wa kuizuia. Na katika kila nyongeza mwalimu anaruhusiwa kusimamisha mchezo mara moja tu. Mwenye kuitumia katika dakika ya kwanza kwa sababu ya hasira, atajuta katika dakika ya mwisho.

La pili ni ulimi. Katika zile dakika 2 za mapumziko, wako waalimu wanaotaka kuyasema mafunzo ya mwaka mzima. Kijana anayehema hawezi kushika maneno kumi. Mwambie mawili: nani amlinde nani, na mpira wa kwanza uende kwa nani. Kisha umpe maji, na umnyamazie. Wafikirieni wale vijana wa Syracuse: walidhani wamekwisha shinda, wakaambiwa bado, nao wakacheza dakika 30 zaidi. Kama mwalimu wao angaliushika ugomvi na waamuzi, vijana nao wangalibaki katika ugomvi huo, na mchezo ungaliwapita. Hasira ni hasara, nayo uwanjani hulipwa papo hapo.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Mwanafunzi ni amana. Mzazi aliyeko Bunda au kijijini Butiama amemtoa mwanawe kwenda kusoma, na amemkabidhi kwa waalimu akiwa mzima. Katika dakika za nyongeza mwalimu hujaribiwa kweli kweli: kijana wake bora anachechemea, naye asema, "Naweza, mwalimu." Kijana husema hivyo daima. Kuamua si juu yake. Ni juu ya mtu mzima. Kikombe hupatikana mwaka ujao, lakini goti lililoharibika laweza kumsumbua mtu umri wake wote. Amtoe, hata kama timu itashindwa.

Na kuna jambo moja la saa. Viwanja vingi vya vyuo viko wazi, wala havina taa. Musoma jua huzama baina ya saa 12:30 na saa 1 jioni. Mchezo ukichelewa kuanza, nyongeza huuleta mpaka gizani na katika wakati wa Magharibi, ambao ni mfupi. Afadhali wapangaji waanze mara baada ya sala ya Alasiri, ili nyongeza ipate nafasi yake, na sala ipate yake.

Mwisho, enyi wazazi. Kijana aliyekosa mtupo wa mwisho akirudi nyumbani, msimwulize kwanza kwa nini alikosa. Mtengeeni chakula. Aliyefika dakika ya 45 akiwa bado anakimbia, bila ya kumtukana mwamuzi wala kumwangusha mwenzake kwa makusudi, huyo amekwisha jifunza jambo litakalomfaa katika mtihani, katika kazi, na katika nyumba yake. Na mwalimu aliyemfikisha hapo anastahili kushukuriwa, ameshinda au ameshindwa.